Chupa Isiyo na Jicho

Mama Safi Bulaimu amechanja watoto wa mtaa wa Kasuku, mjini Kindu, kwa miaka ishirini na minane. Wapo vijana wanaobeba abiria kwa pikipiki mbele ya soko ambao aliwachoma sindano walipokuwa na miezi tisa, na wapo waliokwisha kumletea watoto wao wenyewe. Wakimkuta barabarani hupunguza mwendo na kumwita, "Mama Jicho!" Naye huinua mkono wa kushoto, tena kidogo tu. Bega la kulia ndilo lililobeba sanduku la baridi la chanjo miaka yote hiyo, na sasa linamuuma hata akijifunga kilemba.

Jina la Jicho alilipata kazini. Kila chupa ya chanjo ya watoto imebandikwa alama ndogo: duara lenye mraba ndani yake. Chanjo ikiwa nzima, mraba huwa mweupe. Ikipatwa na joto, mraba huiva polepole mpaka uwe mweusi kama duara lenyewe, na hapo chupa hutupwa. Wauguzi wengi huitazama alama hiyo kimya kimya, kisha huendelea na kazi. Mama Safi alijiwekea desturi nyingine. Hamchomi mtoto kabla mama yake hajaishika chupa kwa mkono wake, akaisogeza kwenye mwanga wa dirisha na kusema kwa sauti, "Jicho ni jeupe." Wanawake wasiojua kusoma barua waliweza kusoma jicho. Baada ya miaka michache hawakumkubali tena muuguzi asiyewaonyesha. Mmoja wao alihamia Lubutu kwa mumewe, akamwambia muuguzi wa huko, "Onyesha jicho kwanza, ao narudi na mutoto yangu Kindu." Habari hiyo ilifika kwa wakubwa wa afya, wakamsifu Mama Safi mkutanoni. Hakuna aliyemuuliza desturi hiyo ilitoka wapi.

Ilitoka katika vita.

Mwaka 2002 Kindu ilikuwa imezingirwa. Mjini walikuwa waasi wenye serikali yao, na msituni pande zote walikuwa wapiganaji wa Mai-Mai. Mtu aliyekwenda shambani kuchuma sombe, majani ya muhogo, hakujua kama angerudi. Treni ilikuwa imesimama zamani. Safi alikuwa na miaka thelathini, na kwa kuwa muuguzi mkuu wa kituo cha afya alikuwa amekimbia, friji ya chanjo ilibaki mikononi mwake. Friji hiyo iliendeshwa kwa mafuta ya taa. Mafuta yalipoisha, alizunguka kwa wafanyabiashara wote wa soko na chupa tupu mkononi, akarudi nayo ikiwa tupu.

Nyumbani kwao maji ya kunywa yalipozwa kwenye mtungi uliofukiwa nusu katika mchanga wenye unyevu. Safi akaona afanye vivyo hivyo. Alizifunga chupa za chanjo ya surua katika kitambaa, akaziweka ndani ya mtungi mkavu, akaufukia mtungi nyuma ya kituo, na kila saa akaumwagia mchanga maji ya mto Lualaba. Ukiingiza mkono mtungini ulihisi ubaridi. Lakini ubaridi wa maji ya kunywa si ubaridi wa chanjo, na hilo Safi alilisoma shuleni.

Siku ya tano wanawake walikuja. Walikuwa wamesikia kwamba surua imeingia vijijini, wakapita katikati ya watu wenye bunduki na watoto mgongoni, wakajipanga mbele ya mlango tangu asubuhi. Chanjo ya surua ni unga mkavu ndani ya kichupa. Ukiutia maji yake, unayeyuka na kuwa safi kama umande, uwe mzima au uwe umekufa. Chupa zilizofika Kindu wakati huo hazikuwa na alama yoyote ya kukuambia. Safi alisimama mlangoni, akautazama ule mstari. Angewaambia nini? Warudi walikotoka? Alijisemea moyoni, labda. Kwa neno hilo moja akachanja watoto themanini na wanne.

Miongoni mwa wanawake wale alikuwamo Euphrasie, mkunga aliyekimbia kutoka Pangi na binti yake wa mwisho wa miaka mitatu, Fifi. Baada ya kuchanjwa mtoto, Euphrasie aliuliza kama kituo kina haja ya mkunga. Kilikuwa na haja. Alianza kazi kesho yake.

Wiki ya sita surua ilifika Kasuku. Iliwachukua watoto ambao hawakuchanjwa, na iliwachukua waliochanjwa vilevile. Fifi alikufa asubuhi, katika chumba kile kile ambamo mama yake alikuwa akizalisha. Hakuna aliyemnyooshea Safi kidole. Watu walisema ni vita, ni njaa, watoto hawana damu. Safi alingoja mtu amuulize, na kwa kuwa hakuulizwa, hakusema.

Vita vilipokwisha zikaja chupa zenye alama. Siku ya kwanza alipoelezwa maana ya ule mraba mweupe, Safi alitoka nje, akakaa kwenye ngazi kwa muda mrefu. Wenzake walidhani ana malaria.

Yeye na Euphrasie wakawa kama ndugu. Safi alimwita yaya, yaani dada mkubwa, kwa kuwa Euphrasie alimzidi miaka kumi, na jioni walirudi nyumbani pamoja, mmoja akimbebea mwenzake mfuko. Euphrasie alikuwa mcheshi. Alipenda kusema kwamba amewapokea mikononi nusu ya wapiga kura wa Kindu na hakuna hata mmoja aliyemshukuru. Lakini kila mama alipofiwa na mtoto pale kituoni, Euphrasie alikwenda kukaa naye, na maneno yake yalikuwa yale yale: "Hata wangu alipata chanjo yote, na alikufa. Ni Mungu njo alitaka." Safi aliyasikia maneno hayo kwa miaka kumi na tisa. Kila mara alitafuta kitambaa cha kukunja, asimtazame.

Ndipo ikaja korona. Mwaka wa kwanza watu wa Kindu waliisikia redioni tu, kama habari za nchi nyingine. Mwaka wa pili, mwezi wa saba, mtunza dawa wa kituo alianza kukohoa siku ya Jumatatu, na Jumapili akazikwa. Wafanyakazi wakaanza kutazamana. Euphrasie alikuwa na miaka hamsini na tisa, mwenye ugonjwa wa sukari na miguu inayovimba ifikapo adhuhuri. Kazi yake ilikuwa kuinama juu ya wanawake wenye uchungu wanaomhemea usoni. Barakoa moja aliifua na kuianika kwa wiki nzima. Safi alipomtazama akipanda ngazi za chumba cha uzazi, akisimama katikati ili apumue, alijua kwamba ugonjwa ule ukimpata, hautamwacha.

Chanjo ililetwa mvua za mwezi wa tisa zilipoanza. Iliyopelekwa kwanza ilikuwa ya wafanyakazi wa afya wenyewe. Daktari Yannick, kijana wa ofisi ya afya ya eneo, alifika na sanduku, akawakusanya wafanyakazi thelathini na mmoja katika ukumbi wa kungojea, akaeleza vizuri kabisa. Alipomaliza, Princesse, muuguzi kijana aliyefundishwa kazi na Mama Safi, alichukua chupa moja, akaizungusha vidoleni, akaizungusha tena.

"Mama Safi, hii haina jicho."

Safi aliipokea, akaisogeza dirishani. Aliitazama pande zote, juu ya kifuniko, chini ya kitako. Kweli, hapakuwa na kitu.

"Docta, jicho iko wapi?"

"Hizi hazina, mama. Zilitengenezwa haraka, muda wa kutengeneza ile alama ulikosekana. Lakini ikikaa mu frigo, digri mbili mpaka munane, hakuna shida."

"Na nitajua namna gani kama ilikaa?"

"Si njo wewe mwenyewe utaichunga?"

Godefroid wa maabara alicheka kutoka nyuma. "Docta, hapa tulifundishwa. Chupa bila jicho ni muntu bila kitambulisho. Atapita barieri gani ya askari?"

Ukumbi mzima ukacheka. Hata Yannick alicheka kidogo, kisha akageuza karatasi ya majina ya waliokubali, ambayo ilikuwa na majina manne tu.

Sababu za kukataa zilikuwa nyingi. Princesse alikuwa ameolewa mwezi wa tano na alitaka kuzaa kwanza. Godefroid alikuwa na picha za video katika simu yake, za mtu anayesema waliochanjwa watakufa baada ya miaka miwili. Mwingine alisema alikwisha kuugua akapona kwa mvuke wa majani, basi anataka nini tena? Walikuwa watu waliosoma, na kila siku waliwaambia wengine wachanjwe. Lakini sababu yoyote ilipopungukiwa na nguvu, ile ya jicho ilikuwapo ya kuiegemea, na ile haikutoka katika simu. Mama Safi ndiye aliyeipanda.

"Na wewe, Mama Euphrasie?" Yannick aliuliza. "Wewe njo wa kwanza. Sukari na korona ni marafiki mubaya."

"Mimi nangoja Safi," alisema Euphrasie, akijipepea kwa ile karatasi ya maelezo. "Akichoma, nachoma. Akikataa, usinisumbue."

Yannick aliacha chupa kumi na kusema kwamba baada ya wiki tatu muda wa chanjo hiyo utaisha. Atakaporudi Ijumaa ya mwisho, zitakazobaki atazichukua.

Safi alisoma karatasi za mafunzo mara tatu. Hakuona kosa. Aliielewa ile chanjo kuliko mtu yeyote pale kituoni, pengine kuliko Yannick. Friji ya sasa inaendeshwa na jua na haiombi mafuta ya mtu. Alipima joto lake asubuhi na jioni na kuliandika katika daftari. Kila kitu kilikuwa sawa, na bado, kila alipotaka kuandika jina lake kwenye orodha, mkono ulirudi. Kwa jicho, alikuwa hahitaji kuaminiwa. Chupa ilijisemea yenyewe. Hii isiyo na jicho ilikuwa inataka mtu aseme, "Mimi niliitunza, niamini." Maneno hayo Safi aliyaogopa kuliko ugonjwa.

Wiki mbili zikapita hivyo. Akachoka. Alichoka kulala, alichoka kuamka, alichoka kuulizwa, "Mama Jicho, tunachoma ao hatuchomi?" Siku ya Jumatatu ya wiki ya mwisho alipita nyuma ya chumba cha uzazi, akamkuta Euphrasie ameketi kwenye kibaraza, miguu katika beseni la maji baridi.

"Yaya, uchome. Dawa ni muzuri."

"Wewe umechoma?"

"Bado."

"Basi na miye bado." Euphrasie alicheka. "Safi, mimi bila wewe siamini hata mvua."

"Usiniamini."

"Eee! Nimuamini nani? Yule Yannick, hata ndevu hana?"

Safi alikaa chini, kwenye saruji, karibu na beseni. Alikuwa ameyaandaa maneno kwa miaka mingi, marefu na yenye adabu. Yaliyotoka yalikuwa mafupi.

"Chanjo ya Fifi ilikuwa imekufa."

Miguu ya Euphrasie ilikoma kutikisika ndani ya maji.

"Mafuta ya frigo yalikuwa yameisha tangu siku tano. Niliweka chupa mu mutungi, mu muchanga. Halafu mukakuja."

"Ulijua?"

"Nilidhani labda…"

"Safi. Ulijua ao hukujua?"

"Nilijua."

Kutoka ndani mwanamke mmoja aliita mkunga. Euphrasie hakugeuka.

"Miaka kumi na tisa," alisema polepole, "namusingizia Mungu. Na wewe uko pale unasikia. Unakunja vitambaa."

Alitoa miguu katika beseni, akavaa kandambili bila kuifuta, akaingia kwa yule mwanamke aliyeita. Alimzalisha, akamkabidhi mtoto kwa bibi yake, akavua koti la kazi, akaenda nyumbani peke yake.

Jumanne hakuja kazini. Jumatano pia hakuja. Safi alishika zamu ya uzazi pamoja na ya chanjo, na watu walipouliza Mama Euphrasie ana nini, alisema, "Anapumzika." Alipika wali na samaki, akampelekea. Mlango ulifunguliwa na mjukuu, ambaye alipokea sahani na kufunga tena.

Ijumaa Yannick alirudi. Chupa zote kumi zilikuwa katika friji, hazijafunguliwa. Kila chupa ilikuwa ya watu kumi, na ikishafunguliwa lazima itumike siku ile ile, kwa hiyo hata wale wanne waliojiandikisha walikuwa wameambiwa wangoje mpaka watimie kumi. Kwa kungoja, wawili walikuwa wamebadili mawazo na mmoja amesafiri Kisangani. Yannick alianza kuzihamisha chupa katika sanduku lake, na uso wake ulikuwa wa mtu atakayeandika ripoti mbaya.

Euphrasie aliingia bila kubisha. Alikuwa amevaa kitambaa kizuri, kile cha kanisani.

"Daftari ya frigo iko wapi?"

Princesse alimpa. Euphrasie aliketi kwenye meza ya chanjo, akavaa miwani, akaanza kusoma tangu siku chupa zilipofika. Alipitisha kidole kwenye kila mstari, asubuhi na jioni. Kidole kikasimama.

"Hapa. Jumatano jioni. Hakuna kitu."

"Sikupima," alisema Safi. "Nilikuwa na zamu yako na yangu. Nilichoka, nikaenda nyumbani. Asubuhi nilikuta digri sita."

Princesse alimnong'oneza, "Lakini mama, si ungejaza tu sita?" Ndivyo wafanyavyo wengi, na Princesse hakuona aibu kusema.

"Angejaza," alisema Euphrasie, "ningejua ni yule wa zamani." Alivua miwani. "Fungua chupa."

Yannick akainua kichwa. "Mama, chupa ni ya watu kumi. Kwa muntu moja…"

"Tuko wawili. Yeye pia anachoma. Na wewe ukitaka kumi, zunguka, ita wengine, miguu yako haivimbe."

Yannick alizunguka kweli. Alirudi na yule mmoja aliyebaki wa orodha, na mfagizi mmoja ambaye alisema kwamba kama wazee wanachoma, naye anachoma. Safi alinawa mikono, akachukua sindano.

"Si wewe," alisema Euphrasie. "Achome Princesse."

Safi aliiweka sindano juu ya meza. Princesse alichoma: kwanza Euphrasie, kisha Mama Safi, kisha wale wengine wawili. Dozi sita zilizobaki katika chupa zilitupwa jioni, na chupa tisa zikarudi na Yannick.

Mtu aliyechanjwa hukaa robo saa ili aangaliwe. Benchi lilikuwa moja, na wale wengine wawili walipendelea kusimama nje. Wanawake wawili walikaa, nafasi ya mtu mmoja katikati yao.

"Siku ile," Euphrasie alisema, akitazama ukuta, "Fifi alilia?"

"Kidogo. Ukamupa ndizi, akanyamaza."

"Ilikuwa muhogo. Ndizi ilikuwa wapi mwaka ule?"

"Ilikuwa muhogo," alikubali Safi.

Robo saa ilipokwisha Princesse aliwaambia wanaweza kwenda, na Euphrasie akaondoka kwanza.

Euphrasie hakuugua korona, au kama aliugua hakujua. Ndivyo ilivyo kazi ya kuchanja: asiyeugua haji kukuambia kwamba hakuugua. Miezi mitatu baadaye, kwa sindano ya pili, alimfuata tena Princesse, ambaye kufikia wakati huo alikuwa amechanjwa mwenyewe na ana mimba ya miezi miwili. Godefroid hajachanjwa mpaka leo, na ile miaka miwili ya picha za simu yake ilipita zamani bila mtu kufa.

Mama Safi aliacha kuwafundisha wauguzi wapya jicho peke yake. Huwaonyesha jicho, kisha huwaonyesha daftari la friji, kisha huwaeleza habari ya mtungi, kuanzia siku mafuta yalipoisha, bila kuficha jina lake. Wengine humtazama kwa huruma, wengine kwa namna nyingine. Yeye huendelea. Na Euphrasie bado hukaa na mama waliofiwa. Hukaa nao kimya. Yale maneno juu ya mtoto wake hayasemi tena.

Hawarudi nyumbani pamoja. Mwaka uliofuata, ilipofika sindano ya kuongeza nguvu, Princesse alikuwa nyumbani na mtoto mchanga, na mezani alikuwapo Mama Safi tu. Euphrasie alisimama mlangoni akiwa na koti la kazi lenye damu, akitazama ndani. Safi alinyanyuka na kusema kwamba anaweza kumwita muuguzi wa zamu ya pili, atafika baada ya saa moja.

Euphrasie aliketi, akakunja mkono wa koti hadi begani.

"Saa moja ya nini? Kuko mwanamuke kule, mutoto anakuja. Choma, niende."